Maandazi ya Kibra Yamefika Omdurman Yangali Laini

Habuba,

Kaa vizuri hapo ulipo, nina habari. Mimi mjukuu wako, niliyekuchosha kwa maswali mpaka ukafumba macho, nimefika kwenu Omdurman. Tena kwa ndege!

Ndege moja ya kazini iliharibikia Khartoum, nikatumwa kupeleka spea. Mama aliposikia neno Sudan aliwaita shangazi zangu wote wa Kibra. Wakanikaushia nyama, wakanisagia mtama, wakanitafutia kiriba cha maji. Njia ile waliijua kwa masimulizi yako tu: ulivyomfuata mumeo askari, mkatembea mvua hadi mvua, ukajifungua mara mbili kabla ya kuiona Kibra. Rubani alipoona mizigo yangu pale uwanja wa ndege wa Eastleigh aliniuliza kama ninahama.

Tuliondoka jua likichomoza. Maili elfu na zaidi, Habuba, na mimi nimekaa tu kama bwana harusi! Tulipoipita Juba nikauona Nile chini, ule mto mlioufuata mpaka nyayo zikapasuka. Nililia huku nacheka. Kabla ya magharibi tulikuwa Khartoum.

Sikungoja hata kunawa uso. Nilikuwa na jambo moja tu moyoni: mdogo wako Halima, ambaye miaka yote ulitaka aambiwe kwamba hukumsahau. Nilivuka daraja nikiulizia nyumba ya baba yenu, mtengeneza matandiko ya ngamia. Kinubi changu, lugha yetu ya Kibra, kiliwachekesha sana, watoto wakawa wanaitana waje wanisikie. Lakini walinifikisha.

Yuko hai, Habuba. Yuko hai! Pua yako, na ukali wako wote. Alikataa katakata kwamba nimetoka Kibra. "Mtu wa Kibra hafiki hapa na shati safi," alisema. Nikampa maandazi ambayo Mama aliyakaanga alfajiri ileile. Akayabonyeza, yakabonyea, ndipo akaniona mwongo kabisa: nimeyanunua hapo sokoni!

Basi nikamwambia siri yenu, jinsi mlivyoiba manukato ya bibi harusi mkampaka mbuzi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanivuta kifuani, akauliza uko wapi. Nilipomwambia umetutangulia, alikula andazi moja polepole. Halafu akasema, "Asubuhi mpaka jioni tu? Kumbe dada hakuwa mbali."

Nimekukumbuka, Habuba. Ningependa ungeusikia mwenyewe mlango ule ukifunguliwa.

Sasa lala salama, ila jiandae. Nimeahidi kumleta, na nitamleta, nikiwa nimemshika mkono mpaka kaburini kwako. Anasema haji kulia. Anakuja kukugombeza kwa kuondoka siku ile bila kumwamsha.

Mjukuu wako,
Ramadhani