Baba na sukari ya mguu

Joan, weka sufuria chini usome. Baba ametuweza.

Daktari wa sukari hapo Nakuru alimweleza vizuri: "Mzee, sukari imejaa kwa damu, lakini mishipa ya mguu imeziba, damu haifiki. Nyama ya mguu inashinda na njaa."

Akatikisa kichwa kama mtu ameelewa. Kumbe alielewa yake.

Leo nimefika Molo, Mama analia sukari imeisha na hakuna mgeni amekuja. Mzee yuko nje anaota jua, gambuti miguuni, ametulia. "Linah, mguu umekula."

Joan, ameimwaga hiyo sukari ndani ya soksi. Kwa kile kidonda cha mguu kimekataa kupona. Ati kama damu imekataa kupeleka, atapeleka mwenyewe.

Nikacheka. Unanijua. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Halafu nikamvua soksi. Sisimizi wamejaa kwa kidonda, wanamla. Yeye ananisimulia tu mambo ya viazi.

"Baba, kwani husikii wakikuuma?"

"Nisikie nini?"

Nimeosha, nimefunga. Gari ya kumrudisha hospitali haijafika. Nakuandikia na mkono mmoja, mwingine umeshika huo mguu. Nimeusugua tangu saa hiyo na bado ni baridi.