Yule Mama wa Kaseti Hakuzikwa

Kahawa Sukari,
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Mkawasi,

Amani ya Bwana ikukute umeketi, chai mkononi. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko milimani? Na shemeji, bado anakohoa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo haukai. Juzi nimeunguza shuka ya watu kwa pasi. Leo kanisani nimesimama wakati wengine wameketi. Wacha nikueleze.

Jumamosi, siku nane zilizopita, Njeri, binti wa hapa ninapofanya kazi, alileta kaseti ya video kutoka Ruiru. Sinema ya zamani ya kutisha. Si ya mazimwi. Ni ya mama mzungu kwa nyumba kubwa, akili inamtoka polepole. Mimi nilikuwa napiga pasi hapo nyuma. Katika watu wote wale mweusi alikuwa mmoja tu, mama wa kufua. Ndiye aliyesikia zile sauti kwanza, akawaonya, wakamcheka. Katikati ya sinema akauawa kwenye ngazi. Dada, hawakumfunika hata na leso! Wakaketi kula.

"Njeri," nikasema, "na huyu wanampeleka wapi?"

"Nani, Anti?"

"Huyu mama. Kwao ni wapi? Nani atawaambia watu wake?"

"Ai, Anti! Huyo si stelingi, mwenye sinema. Hao weusi huwekwa wafe ndio ujue mambo yameanza kuwa mbaya."

Alisema akitafuna njugu. Nilingoja mpaka mwisho nisikie kama watamtaja. Wapi! Hata jina hakupewa. Na kwetu, hata kwa wazee wa kabla ya kanisa, kila ukoo ulijua fuvu la babu yake limehifadhiwa pango gani.

Alhamisi kwa maombi ya akina mama, zamu yangu ya kutoa hitaji ilipofika, mdomo ukafunguka wenyewe: "Tumkumbuke mama mmoja mfanyakazi, ameuawa kwa nyumba ya watu na hakuna aliyeuliza kwao." Wakaomba, dada, wengine kwa machozi. Kisha mwenyekiti akatoa kalamu. "Mwili uko mochari gani, Thika ama Nairobi?"

Nikasema, "Uko kwa kaseti."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kwa kiti. "Mghoi, wiki ijayo utatuitisha mchango wa arusi ya mchezo wa redio!" Nami nikacheka, aibu imenijaa. Lakini Mama Kanini wa Githurai 45, anayefanya kazi za nyumba kama mimi, hakucheka. Tukitoka akanishika mkono. "Na wewe, hao waajiri wako wanajua kwenu?"

Jioni nikamuuliza mama wa nyumba tukichambua mboga. "Mama Njeri, nikifa hapa mtanipeleka wapi?"

"Uui, Anti, hayo yashindwe!"

"Nauliza tu."

Akafikiria. "Si kwenu ni Mombasa?"

Miaka tisa, dada. Nimelea watoto wake, nimemuuguza na malaria, na si mtu mbaya. Nikamwambia ni Taita, juu ya Wundanyi. "Si ni upande huohuo?" akasema, akaendelea na sukuma wiki. Nikamwandikia yote kwa karatasi, jina la baba na la kijiji. Kesho yake nikaikuta, nyuma yake ameandika sukari, sabuni, unga.

Kwa hivyo karatasi haitoshi. Nakuomba uje, wewe na kaka yetu Mwadime, hata kwa siku moja. Msipitie mlango wa jikoni. Mgonge wa mbele, mketi kwa viti vyao, mnywe chai yao, mtaje jina la baba mpaka walijue. Nataka waone sura zinazofanana na yangu.

Nisalimie shemeji, shangazi yetu wa kanisa la juu, na mwanangu Wakesho unayenilelea, mwambie asome.

Mungu akutunze hadi tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Mghoi wa mzee Mwakio, Wundanyi