Nta ya Baba

Jumanne. Upepo umepeperusha vumbi tangu asubuhi, nami nina uchungu ambao hata chai imeshindwa kuusukuma.

Jumapili tulikuwa Area D kwa kaka yangu, mwanawe amepata kipaimara. Baba alikuja kutoka Gulwe. Amefundisha Kiingereza maisha yake yote, na Kilatini alikipata seminari, kabla hajaacha mambo ya upadri. Alipopewa nafasi ya kumuasa mjukuu, nilijua atakachosema. Neno la Kiingereza "sincere", mkweli wa moyo, limetoka kwenye Kilatini: "sine" ni bila, "cera" ni nta. Wachongaji wa Roma waliziba nyufa za sanamu kwa nta. Likiwaka jua kama hili letu, nta inayeyuka, aibu inabaki. Basi mkweli ni yule asiyezibwa.

Kisa hicho nimekisikia tangu darasa la tatu.

Nikatoa simu. Nikasoma mbele ya wageni kwamba wataalamu wamekikataa. Neno limetoka kwenye "sincerus", yaani safi, kisichochanganywa; habari za nta ni hadithi tu. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Nisijidanganye, sikuwa natetea elimu. Nilipohitimu chuo kikuu, baba aliitazama picha yangu ya mahafali akasema Kiingereza cha siku hizi ni cha kuokoteza. Miaka minne nililiweka neno lile kifuani, nikisubiri siku yake.

Baba akaniambia, "Ahsante, mwanangu. Hilo sikulijua." Akaketi. Pilau hakuigusa.

Nilitaka akasirike. Hasira yake ningeiweza.

Leo mama amenipigia. Anasema tangu jana mzee anatafuta namba za wanafunzi wake wa zamani, anawapigia mmoja mmoja. Wengine sasa ni wakubwa maofisini, mmoja ni padri hapa Makole. Mzee anamwambia kila mmoja, "Nilikufundisha kitu kisicho kweli. Naomba unisamehe." Wengi hata somo lenyewe hawalikumbuki. Mama akaniuliza nimemfanya nini mume wake.

Kamusi iko upande wangu, na sijawahi kujichukia hivi.

Jioni hii nimempigia baba mara tatu nimwombe radhi. Simu yake inatumika.