Nyumba Ishirini na Saba Ulizoziruka

Kaka Elisha,

Mwezi Machi, ndani ya siku tatu, kipindupindu kimenichukulia watu wawili: binti yangu Tabitha siku ya Jumanne, na wewe Alhamisi. Tabitha nimemlilia. Wewe bado. Kwanza tuongee.

Jana nilikwenda Kibondo, ofisi ya halmashauri, kuuliza habari za lile gari la kutuletea ndoo sisi tuliokosa. "Gari limekatika springi, Anna. Ndoo zenu zimo humo humo. Vumilieni." Ulisema hivyo mbele ya mashine yangu ya kusaga, wewe mwenyekiti wetu wa kitongoji, umevaa koti lako la kanisani, nasi tukavumilia siku tisa. Karani akaniangalia kama mgonjwa. Akasema hakuna gari lililoharibika. Akafungua faili. Halmashauri ilitenga fungu la dharura: kila nyumba ndoo moja yenye mfuniko, sabuni miche miwili, na chupa ya dawa ya maji. Idadi ya nyumba waliitoa kwenye daftari la kodi ya maendeleo, lile ulilokuwa ukiliandika wewe. Kitongoji chetu, nyumba arobaini na moja. Ndoo arobaini na moja zikaja, zikaisha.

Kaka, sisi ni nyumba sitini na nane.

Hizo ishirini na saba nazijua, maana na yangu imo. Mwaka niliponunua mashine ulikuja unacheka: "Mashine yenyewe bado inanyonya, kodi utaitoa wapi? Nimekuruka." Nikakupimia debe la unga wa muhogo. Ukamruka na Mama Yeremia, mjane, ukawaruka na wale vijana waliotoka Kakonko bila hata jembe. Mgambo wakija kukagua stakabadhi za kodi, uliwapitisha njia ya bondeni, na sisi huku juu tunakusifu. Sikatai. Wema huo niliula na mimi.

Lakini karani hakuishia hapo. Kumbe ulikwenda kuomba ndoo za nyongeza! Bwana afya akakuuliza, "Hao ishirini na saba walikuwa wapi wakati wa kodi?" Ukatazama chini. Akakwambia ulete majina yao na sahihi yako, kesho yake utapewa. Ukasema utaleta. Ukarudi kwetu na hadithi ya springi.

Hapo ndipo uliponisaliti. Si kwenye daftari. Hapo.

Ungeniambia ukweli, hata nusu yake. Mimi nilianza na sinia la dagaa pale stendi ya Kasulu, hesabu hainishindi. Ndoo ishirini na saba ni mapato ya mashine ya wiki mbili. Ningepanda lori asubuhi, jioni nimerudi nazo. Hela nilikuwa nayo, kaka. Ilikuwa ndani ya kopo, na mimi nasubiri gari ambalo halipo, kuni za kuchemshia zimelowa, mwanangu anakunywa maji ya kijitoni.

Jumatatu Tabitha alipoanza kutapika ulikuja na ndoo ya bluu. "Limefika na moja tu," ukasema. Nikakushukuru kwa mikono miwili. Juzi ndipo wifi aliponiambia ilikuwa ya kwenu, na kwamba tangu siku hiyo mlirudi kunywa maji ya kijitoni. Sasa hilo nalo niliweke wapi? Nikikukasirikia, naiona ndoo. Nikiiona ndoo, ndiyo kwanza hasira inapanda.

Hawakuturuhusu kukuosha. Wamekuzika ndani ya nailoni, wakapulizia dawa bomba zima. Dawa ile ile tuliyoikosa kwenye maji.

Halmashauri sasa inapanga bajeti mpya, na kisima cha pampu kitatolewa kwa idadi ya nyumba. Mtendaji wa kata anapokea orodha Ijumaa saa nne asubuhi. Nimeiandika, zote sitini na nane, yangu ya kwanza. Watu wanakuja mashineni wananisema: "Mama Tabitha, unatuuza kwa mgambo!" Ni kweli, malimbikizo ya kodi watadaiwa, na mimi nitadaiwa. Mama anasema nitalichafua jina lako. Wifi anachambua maharage tu.

Kwaheri, kaka yangu. Ndoo nimemrudishia wifi, imejaa maji yaliyochemka. Kaburi nitalijengea kwa matofali ya kuchoma, na wanao watasoma kwa mashine hii hii. Hilo naahidi, hata ukinijibu vibaya.

Ila chini ya orodha wanataka maelezo: kwa nini hesabu ya kwanza ilipungua, na kwa nini haikusahihishwa watu walipoanza kufa. La kwanza nimejaza. La pili nimeliacha wazi, ni lako. Siku zile tisa ulinyamaza kwa kutuogopea sisi, au kwa kuogopa aibu yako pale ofisini? Usiniambie habari za gari. Sisi, au wewe? Nakupa mpaka Ijumaa, saa nne.

Mdogo wako,
Anna