Yai la Tatu

3 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima, ila goti langu moja limegoma kupanda vilima. Watoto wako wanakula utadhani wanalipwa.

Umeuliza habari za masomo. Asubuhi wanasoma na kufanya hesabu nikiwa kwenye cherehani, mchana tunaingia msituni nyuma ya nyumba. Mkubwa anachora majani. Chiriku wetu, ambaye tangu mama yake afariki amefunga mdomo, jana alinivuta gauni akanionyesha mdudu. "Ana miguu mingi," akasema. Huko shuleni mwaka mzima hawakupata hata hayo!

Sheria yetu ni moja tu: ukimwona ndege, kimya.

Dada yako

9 Mei

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, kazi ya winchi hapa bandarini inaendelea. Lakini barua yako imeninyima usingizi. Mtoto asiyesema akipotea humo ataitaje? Nakutumia filimbi yangu ya kazini, aivae shingoni. Nimeshamzika mke wangu, Dada. Likitokea lolote, nakuja kuwachukua.

Mdogo wako

17 Mei

Mdogo wangu,

Sote wazima. Nimeanza na hilo usije ukaanguka. Bora uyasikie kwangu.

Jana Chiriku alipotea. Niliinama kumfunga kaka yake kamba za viatu, kuinuka, hayupo. Tuliita mpaka sauti zikatukauka. Majirani wakaja na mapanga. Kila shimo la msitu ule nilikuwa namwona ndani yake. Na filimbi anayo shingoni, mbona hapigi?

Kaka yake ndiye aliyemkuta, si mbali na njia, kajikunyata chini ya kichaka. Juu yake ndege ameatamia. Alitusikia sote! Hakuitika asije akamtimua ndege. Mayai ni matatu, alinionyesha baadaye kwa vidole.

Nilimchapa kofi, halafu nikalia kuliko yeye. Sheria niliiweka mimi.

Dada yako

20 Mei

Dada, shikamoo.

Nakuja Jumamosi. Wafungie mabegi yao. Usinibembeleze, maana nitashindwa.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Mimi mzima, nasema hivyo kwa mazoea tu. Nyumba imepwaya. Bado napika sufuria ileile ya watu watatu, nakula peke yangu mpaka chakula kinanichosha.

Mwambie Chiriku mayai yake mawili yameanguliwa. Nilipokwenda kutazama nilikaa kimya kabisa.

Dada yako

11 Juni

Dada, shikamoo.

Watoto wazima. Mkubwa anapigana shuleni. Chiriku anasifiwa na mwalimu kwa utulivu, na utulivu huo unanitisha kuliko msitu wako. Tangu nimlete hapa hajatoa neno hata moja, si kwangu, si kwa kaka yake.

Jana tukiwa mezani niliwasomea barua yako. Chiriku akaweka kijiko chini.

"Na la tatu?"

Nikamwambia sijui, mwanangu. Akashuka kwenye kiti, akaenda kuvaa viatu.

Nawaleta Jumamosi, na mabegi yao yote. Bado naogopa, Dada, usidhani nimepona. Iongezee sheria yako jambo moja: akiitwa aitike, hata ndege akiruka.

Na nakuomba, usiende tena kwenye kiota. Ataangalia mwenyewe.

Mdogo wako