Nimetukanwa, Dada!

Bigwa, Morogoro
14 Machi 2004

Kwako Dada Chausiku,

Shikamoo. Mimi na Zuhura mwanao tu wazima, hofu yetu ni kwenu huko Kinole. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Na Shemeji Dadi, ameacha ugoro au bado anaapa kila Ijumaa? Msalimie sana.

Dada, nimetukanwa! Ngoja nikusimulie.

Katika barua iliyopita nilikulalamikia hiki kifaa cha kusikilia nilichopandikizwa kule India. Walipokiwasha, kila sauti ilikuja kama mbaazi zinazomwagwa kwenye sufuria, hata ya Zuhura. Nilivua kile kipande chake cha nje nikakificha kabatini siku nne. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba kichwa lazima kijifunze upya, ila mimi nilijiona nimekwenda mbali kote kule bure. Zuhura alikitoa mwenyewe, akanivalisha, akaanza kunisomea gazeti kila jioni akiwa amekaa nyuma yangu nisimwone mdomo. Nikikosea neno anarudia. Mkali huyo, kakurithi wewe.

Sasa Jumanne nilikuwa barazani nashona, mgongo nimeipa njia. Akapita Stephano, yule mtani wetu Mnyamwezi. Unajua alivyokuwa akinichamba zamani nikiwa kiwandani. Tangu ile homa ya uti wa mgongo inizibe masikio aliacha kabisa. Akawa ananipungia mkono polepole, uso wa huruma, kama anayeaga maiti. Kiwanda kilipobinafsishwa nikawa wa kwanza kupunguzwa, lakini nakuambia kweli, haikuniuma kama huruma ya Stephano. Mtu asiyetaniwa amekwisha kuhesabiwa hayupo.

Basi Jumanne hiyo akamwambia jirani, kwa sauti yake ile ya kukwaruza, kwamba tazama Mluguru huyu anavyoshona, suruali itatoka mguu mmoja mrefu kwa sababu kwao wanaishi mteremkoni. Nikasikia, Dada! Neno kwa neno! Bila kugeuka nikamjibu kwamba wenzake wa msafara walishafika pwani zamani, yeye bado anazurura Bigwa anatafuta mzigo wa kubeba.

Nilipogeuka alikuwa ameshika kichwa. Jirani akapiga vigelegele. Stephano akacheka, kisha akalia, kisha akanitukana upya mpaka adhuhuri, na mimi nikamrudishia yote. Tangu siku hiyo natembea kifua mbele. Naenda sokoni peke yangu, nabishana na wauza mitumba, na jana nilimwomba kondakta pale stendi ya Msamvu arudie alichosema, wala sikuona aibu. Miaka tisa nilikuwa naona aibu, nikiitikia kila kitu kwa kichwa na kucheka wenzangu wakicheka.

Na hapo ndipo penye jambo ninalopaswa kukuungamia.

Siku ya msiba wa mama nilifika ameshafunikwa. Wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho. Ulinivuta pembeni, ukaniinamia sikio la kushoto, ukaninong'oneza maneno aliyoniachia. Niliitikia kwa kichwa. Tukakumbatiana, tukalia, na hukuyataja tena, maana ulijua nimeyapokea.

Sikusikia, Dada. Niliwadanganya wote kwamba sikio la kushoto bado linapata kidogo. Halikuwa linapata chochote. Nilitaka mnione sijaharibika kabisa. Kwa miaka sita nimekuwa nikikutazama usoni nikitamani kuuliza, nikashindwa, kwa kuogopa utajua nililia pamoja nawe bila kujua tunalilia nini. Nisamehe.

Tafadhali usiniandikie maneno hayo. Barua naweza kusoma, nilikuwa naweza siku zote. Goti likikuruhusu, teremka Jumamosi. Likikataa, nitapanda mimi. Kifaa wamekiweka sikio lile lile la kushoto. Kaa upande huo, uniinamie, uninong'oneze tena kama siku ile.

Zuhura anakuamkia, na Stephano anasema goti lako halina ugonjwa, limechoka milima tu.

Mdogo wako anayekusikiliza,
Maimuna