Kitambaa cha Mwanao Kilikuwa Hakijakatwa

Jengo la Mafundi,
Ghorofa ya Kwanza, Chumba cha Mwisho.
14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla ya yote nakujulia hali. Mgongo wako umepoa? Shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Na bibi harusi wetu anakula, au ameanza kujinyima ili aonekane mwembamba? Mwambie ale. Sisi huku wazima kwa neema ya Mungu, isipokuwa macho yangu, ambayo sasa yanadai miwani hata kwa kutunga uzi kwenye sindano. Mume wangu anakusalimu. Ameniambia nikuandikie ukweli wote, la sivyo ataandika yeye.

Basi ukweli ndio huu. Mwezi uliopita, uliponipigia simu nikakuambia gauni la mwanao nimefika kwenye mikono, nilikudanganya. Sikuwa nimefika popote. Kile kitambaa cheupe ulichonitumia miezi minane iliyopita kilikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko wake, kimekunjwa vilevile ulivyokikunja wewe. Mkasi ulikuwa haujakigusa. Nilipokata simu nilitubu, kisha nikashona sare za watoto wa watu.

Usidhani nilikaa bure. Katika miezi hiyo nimeshona mapazia ya ofisi nzima, majoho ya kwaya, na suti ya mwanamume mmoja mwenye bega moja juu. Hata gauni lenyewe nililikata, ila kwenye magazeti. Kigezo nilikitandaza sakafuni, nikakikagua, nikakikunja, nikaanza kingine, mara sita. Mume wangu alifika mahali hana gazeti la kusoma lisilo na tundu la shingo.

Sasa nikwambie jambo linaloniuma zaidi. Unamkumbuka yule binti niliyemfundisha kazi, tunayemwita Chapchap? Ana chumba chake siku hizi, mlango kwa mlango na changu. Yeye hana habari na magazeti. Anatandaza, anapiga chaki mara mbili, anakata, na huku anaimba. Gauni la harusi anamaliza kwa siku tatu. Wateja wake wakijaza benchi lake wanahamia kwenye langu, wananisalimia vizuri kabisa, halafu wanakaa hapo kumsubiri yeye. Nikisikia cherehani yake inanguruma, yangu naisimamisha. Kuna siku aliumwa jino hakuja, na mimi, mtu wa maombi, nikafanya kazi nzuri siku ile kuliko wiki nzima. Mungu anisamehe.

Na si yeye peke yake ninayemwonea wivu, nitakuja kwako hapo mbele, vumilia.

Nina mteja mmoja, mama wa makamo kama mimi, kazi yake ni kuwashauri wanafunzi wa chuo. Alikuja kuulizia sketi yake kwa mara ya nne. Nilijiandaa kwa ugomvi, lakini hakugomba. Aliona mfuko juu ya kabati akauliza ni nini. Nikamweleza. Akaniuliza, "Ukikisogelea kitambaa hicho, unajisikiaje?" Nikamjibu bila kufikiri, "Kama naitwa mbele." Akasema, "Na nani?" Hapo nikatafuta pini chini ya meza.

Akaniambia wengi wanaoahirisha si wavivu. Kinachokimbiwa, alisema, si kazi, ni ile hali inayokupata ukiigusa. Ukiiweka pembeni unapata nafuu, na nafuu hiyo ni tamu, kwa hiyo kesho unaitaka tena. Akasema pia kwamba anayejitukana sana kwa kuchelewa ndiye anayezidi kuchelewa, maana anaongeza juu ya kazi kitu kingine cha kukimbia. Nikamshukuru. Akaondoka bila sketi.

Mdogo wangu, maneno yale yalinifuata mpaka nyumbani. Nikakumbuka Jumamosi zetu, mama, Mungu amrehemu, akitukagua mapindo. Unakumbuka alivyokuwa akishika kazi yangu mkono huu na yako mkono ule, mbele ya shangazi zetu wote? "Tazama ya mdogo wako." Kisha anafumua yangu palepale, uzi mrefu, polepole. Wewe ulikuwa na miaka saba, ukicheka kwa sababu kila mtu alicheka. Sikulaumu. Lakini mishono yako ilikuwa imenyooka, nami nilikuwa natamani usiku mmoja tu uamke umesahau kushona.

Ndipo nikagundua njia. Kazi ambayo haijaisha mama alikuwa haikagui. Nikisema, "Bado naendelea, mama," anapita kwenda kwako. Nilikuwa na miaka kumi. Nadhani tangu siku ile sijawahi kumaliza kwa hiari jambo lolote lenye kunihusu. Za wageni namaliza, maana mgeni akichukia anaondoka. Lakini hili gauni ni la mwanao, na macho yatakayolikagua ni yako. Nilikuwa nikimwomba Mungu miaka yote aniondolee uvivu. Huenda alikuwa akinisikiliza na kushangaa, maana uvivu wenyewe sikuwa nao.

Jumatatu iliyopita niliteremsha mfuko nikaupeleka kwa Chapchap. Kuvuka ukumbi ulio kati ya milango yetu ilikuwa kama kuvuka mji. Nikamwambia, "Nikatie hili. Harusi ni wiki tatu zijazo. Mimi limenishinda."

Akapapasa kitambaa, akanirudishia. "Hili sikati, mwalimu."

"Unaniringia?"

"Naogopa. Kitambaa hiki hakina ziada."

"Wewe wa kuogopa? Unavyokata kama mtu anayefukuzwa?"

"Ndiyo, nafukuzwa. Nikisimama nikafikiri kidogo tu, sikati tena. Wewe ukiogopa unakaa, mimi nikiogopa nakimbia." Akacheka. "Wewe kata, mimi nitashika upande wa pili kisiteleze."

Nitakuficha nini? Nilimwonea wivu hata woga wake, maana woga wake unamletea wateja na wangu unanijazia magazeti.

Tukaenda chumbani kwangu, tukafunga mlango. Nikaomba dua fupi, nikakata. Kifua kilitoka vizuri. Sketi ikatoka vizuri zaidi. Nikaanza kujisikia furaha, na furaha ikanipa haraka ambayo si yangu. Nikakata mkono mmoja, nikahamisha kigezo, nikakata wa pili. Sikukigeuza kigezo. Kitambaa chenyewe kina upande unaong'aa na upande usiong'aa, hakigeuziki. Nikawa na mikono miwili, yote ya kushoto. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, mimi mwenyewe nilimfundisha Chapchap asilifanye.

Akavitazama vipande, akanitazama mimi. "Mwalimu, huyu bibi harusi atapeana mkono vipi?" Akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Aibu niliyoikimbia kwa miezi minane ikaja, na ikanikuta nimesimama, mkasi mkononi. Masikio yalipata moto. Nikangoja jambo kubwa litokee. Hakukutokea kitu, ila Chapchap kufuta machozi na kuanza kuokota mabaki.

Mabaki hayakutosha mkono mzima, yalitosha nusu mbili. Tukaziunganisha kwa ukanda wa lesi, toka begani mpaka kwenye kifundo. Ili mikono ifanane, ule mzima wa kushoto nao ikabidi tuukate katikati tuutie lesi vilevile. Kukata kitu kizima kwa makusudi kuliniumiza kuliko kosa lenyewe. Nakuandikia kwa shingo upande kwamba wazo lilikuwa lake.

Usidhani nimepona. Sketi ya yule mama bado. Ila sasa, asubuhi tukifungua milango, namwambia Chapchap ni kazi gani naikimbia leo, naye ananicheka, kisha naishika kwa robo saa tu. Mara nyingi robo saa inatosha kunivusha. Wivu nao upo palepale, jana amepata mteja mwingine mwenye gari, lakini ninaweza kushona nao ukiwa umekaa pembeni yangu.

Gauni nimelimaliza, limo kwenye kifurushi hiki. Likague, mdogo wangu. Ligeuze ndani nje, utazame mapindo. Mwanao alivae mbele ya kioo kikubwa, anyanyue mikono, akae, ainame. Kisha nipigieni, wewe na yeye, mniambie mlivyoliona. Kama kuna mahali hamkupapenda, semeni hivyohivyo. Nitapokea simu.

Nisalimie shemeji, na shangazi mkubwa, mwambie koti lake sijalisahau, yeye anajua. Wapwa zangu wote wabusu kwenye paji la uso. Mungu awalinde mkiingia na mkitoka, aibariki nyumba mpya ya bibi harusi, na akupe wewe mgongo wa kucheza siku hiyo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukuonea wivu kwa moyo uleule,

Dada Fundi.